Kesi ya Mtu Aliyepiga Fulu Mchana

Uligeuza uso. Usiniambie ulikuwa umesinzia, maana basi lile lilipofunga breki juu ya kona ya Mkumbi hakuna abiria aliyebaki na usingizi. Hata kuku waliofungwa miguu chini ya viti walinyanyua vichwa. Uliliona gari la maziwa limesimama upande wa pili. Ulimwona dereva wake akishushwa, askari amemkamata suruali kwa nyuma, kiunoni, anamwinua mpaka anatembea kwa ncha za vidole. Ukasema, kama mtu anayejisemea, "Haya mambo ya barabarani haya," ukavuta pazia la dirisha.

Mimi sikuwemo. Ningekuwemo nisingehangaika kukuandikia. Wewe ulikuwemo, mlikuwemo basi zima, na mpaka leo mmenyamaza kama vile nauli ilikuwa ya kunyamaza. Kwa hiyo nitakusimulia upya mambo uliyoyaona kwa macho yako, katika nchi hiyo yenu nzuri ambayo sina haja ya kuitaja jina. Nitasimulia taratibu, bila kumtukana mtu. Serikali siilaumu. Serikali ilifuata sheria, na sheria yenyewe nitakueleza ili uone ilivyojaa huruma.

*

Sheria ya Taa za Magari ilianza ikiwa fupi. Nakukumbusha kwa sababu nyinyi mmepewa kipaji cha kusahau na mimi nimenyimwa. Ilisema gari liwe na taa mbili mbele, za rangi moja, zisiwe chini ya goti wala juu ya kifua cha mtu mzima. Ziwe na mwanga mkubwa wa kuonea mbali, ambao madereva waliuita fulu, na mwanga mdogo wa kupishania. Na kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva, kiwepo kitaa kidogo cha bluu kinachowaka kila fulu inapowaka, ili dereva ajue kwamba sasa hivi anawaumiza wenzake macho, aone haya, apunguze. Basi. Ukurasa mmoja, na chini yake ikabaki nafasi ya kugonga muhuri.

Kisha wakaja watu wa kuiboresha.

Waziri wa kwanza wa Mwanga na Mwonekano aliuliza goti linalotajwa kwenye sheria ni la nani. Lilikuwa swali zuri na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo likapimwa goti lake. Alikuwa mrefu mno, Mungu amrehemu, na taa za nchi nzima zikapandishwa hadi zikawa zinamulika matawi. Watu waligonga ng'ombe, lakini bundi walionekana vizuri ajabu. Aliyemfuata alikuwa mfupi. Taa zikashushwa, tukaanza kuona siafu. Kati ya goti la yule na goti la huyu wamo watu niliowafukia kaburini kwa mikono yangu, na majina yao ninayo, ila leo si zamu yao.

Kisha akaja Mheshimiwa Daktari Gervas Tandala, ambaye ndiye waziri hadi leo, mwenye udaktari kutoka chuo ambacho bado kinatafutiwa kiwanja. Yeye ndiye aliyegundua kwamba madereva wanaongea.

Desturi hiyo unaijua, usijifanye mgeni. Dereva akishapita mahali penye askari wa trafiki aliyejibanza nyuma ya kichaka, humpigia fulu mwenzake anayekuja, mara mbili tatu. Mwenzake hupunguza mwendo, hufunga mkanda, huwaambia waliosimama wachuchumae. Hawajuani, pengine hawatapishana tena maishani. Lakini fulu hiyo hiyo hupigwa pia kwa ajili ya ng'ombe waliolala kwenye lami, au daraja lililochukuliwa na maji, au gari lililokufa konani. Anayepigiwa hajui ni lipi kati ya hayo. Anajua tu kwamba mtu asiyemfahamu anamtakia afike.

Mheshimiwa Tandala alisimama bungeni akatoa hotuba ambayo redio iliirudia mpaka betri zetu zikaisha.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "katika nchi hii wapo wananchi wanaozungumza kwa kutumia umeme. Wanazungumza nini? Hatujui. Wanamzungumzia nani? Hatujui. Kwa nini wazungumze wenyewe kwa wenyewe wakati Serikali imewapa redio? Mheshimiwa Spika, kile kitaa cha bluu kinamwambia dereva kwamba fulu imewaka. Nauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, nani anaiambia Serikali?"

Wabunge wakapiga meza. Mbunge mmoja wa kutoka bara alilia.

Ikaamriwa kila gari liwekewe kitaa cha pili cha bluu, juu ya paa, kinachowaka pamoja na kile cha ndani. Ukipiga fulu, askari aliye mbali anaona paa lako likimetameta, anajua umesema neno.

*

Kulitokea kasoro ndogo. Misafara ya viongozi nayo ilikuwa na vitaa vya bluu juu ya paa, na wananchi walikuwa wamefundishwa kwa fimbo nini cha kufanya wakiona bluu: toka barabarani, zima gari, shuka, mkono kifuani.

Siku moja mchana mzee mmoja aliyebeba kabichi alisahau fulu inawaka. Magari ya mbele yakaingia mtaroni. Ya nyuma yakaingia mtaroni. Watu wakasimama kando, mikono vifuani, wengine wakainamisha vichwa. Mzee alipoona heshima zile zote alidhani amebeba maiti bila kujua, akaongeza mwendo. Alipofika makao makuu ya wilaya alikuta mkuu wa wilaya ameshatoka na shada la maua na wanafunzi wanaimba. Akavishwa shada. Akaombwa aseme machache. Akasema kabichi mwaka huu si mbaya. Magazeti ya kesho yake yakaandika kwamba kiongozi mwandamizi ametoa mwelekeo mpya wa kilimo, na hadi leo watu wa wilaya ile wanalazimishwa kupanda kabichi.

Waziri Tandala mwenyewe alipita saa moja baadaye. Hakukuta mtu. Wote walikuwa wameshaondoka wakiamini wameshampokea.

Ndipo sheria ikakamilika. Fulu usiku, iwe kwa kibali. Fulu mchana, marufuku kabisa, kwa sababu, na haya ni maneno ya sheria yenyewe, mchana Serikali imetoa jua. Anayempigia mwenzake fulu bila kibali, kifungo cha miaka mitano kwa kosa la kusema. Anayepigiwa akapunguza mwendo, miaka mitatu kwa kosa la kusikia.

Hicho kipengele cha kusikia kikumbuke. Najua unakikumbuka. Ndicho kilichokuvutia pazia.

*

Sasa tuje kwa Nyange Shekiondo.

Nyange ni dereva wa gari la maziwa. Alfajiri hukusanya maziwa kwa wafugaji wa mlimani, huyateremsha kiwandani, na asubuhi hurudi juu na makopo matupu yanayogongana nyuma kama harusi ya mabati. Ni mtu wa maneno machache. Mkewe Kidawa, fundi cherehani, humtania kwamba alimchumbia kwa kukohoa. Kila mwaka hupeleka gari lake kukaguliwa, na vitaa vyake vyote viwili vya bluu, cha ndani na cha paani, vilikuwa vizima. Ukitaka kujua kilichomwangusha, ni hicho. Cha paani kingekuwa kibovu, angekuwa nyumbani leo.

Asubuhi ile lori la mbao lilikatika ekseli katikati ya kona ya Mkumbi. Utingo wake akafanya lile afanyalo kila utingo: akakata matawi mabichi akayatandika barabarani, pande zote mbili za kona, ili anayekuja ajue kuna kitu. Lakini Waziri alikuwa apite siku hiyo kwenda kuzindua taa ya barabarani iliyokuwa imezinduliwa mara mbili tayari, na amri ilikuwa imetoka kwamba barabara iwe safi. Koplo Ndelwa wa trafiki na vijana wake wakayafagia matawi yote. Walifagia vizuri sana, sina budi kusema; hata jani halikubaki. Lori hawakuweza kulifagia. Wakalifunika bendera ya taifa.

Nyange akapanda, akalipita lori kwa shida, ubavu kwa ubavu. Alipotoka konani akaliona basi lenu linateremka. Unajua lilivyokuwa linateremka. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na mbele yenu lami tupu, safi, iliyofagiwa.

Akapiga fulu mara tatu.

Mkasimama pua ya basi ikigusa bendera.

Koplo Ndelwa alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mti wa mkuyu, akaona paa la gari la maziwa likimeta bluu. Alimfikia Nyange kabla hajashika breki ya mkono.

"Umemwambia nini dereva wa basi?"

"Nimemwambia kuna lori limekufa, afande."

"Kwa hiyo unakubali kwamba umesema."

"Nimepiga taa tu."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara moja ningesema umeteleza mkono. Tatu ni hotuba." Koplo akatazama juu, akatazama jua, kana kwamba anamwita shahidi. "Na nitajuaje hukumwambia kwamba mimi nipo nyuma ya mkuyu?"

"Sikukuona, afande. Ulikuwa umejificha."

"Mimi sikujificha. Nilikuwa kazini mahali pasipoonekana."

Kisha akaja kwenye basi lenu. Alipanda ngazi ya kwanza, akaegemea mlango, akawauliza kwa upole, kwa sababu Ndelwa ni mtu mpole ukimjibu vizuri: "Kuna yeyote humu aliyepigiwa taa?"

Mkawatazama kuku chini ya viti.

"Dereva. Umesimama kwa nini?"

Dereva wenu, Mzee Saguti, mtu wa miaka mingi barabarani, alinyoosha kidole dirishani. "Tumesimama tutazame mandhari, afande."

"Mandhari ya wapi?"

"Ya korongo."

"Na nyinyi abiria?"

Na nyinyi, basi zima, mkageuza shingo kwa pamoja mkalitazama korongo. Mama mmoja akasema ni zuri. Ndelwa akaridhika, akashuka, akamkamata Nyange suruali. Yaliyofuata nimeshayasema.

*

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya Mkumbi. Nilikuwepo, nilisimama dirishani kwa nje kwa sababu mimi siruhusiwi kukaa ndani, kwa mambo mengine ya zamani. Kidawa alikaa benchi ya mbele na tepu yake ya kupimia bado iko shingoni.

Mwendesha mashtaka, Inspekta Luhende, alisimama akanyoosha koti.

"Mheshimiwa Hakimu, mshtakiwa anadai alikuwa anaokoa maisha. Upande wa mashtaka haukudharau dai hilo. Tumekwenda hospitali, hakuna majeruhi. Tumekwenda mochwari, hakuna maiti. Tumeteremka hadi korongoni, kuna nyasi, na nyasi zimesimama. Mheshimiwa, ni hatari gani hiyo ambayo haikumgusa mtu hata mmoja?"

Hakimu Lwambano alivua miwani. Si mtu mbaya. Ana uso wa mtu anayekula chakula asichokipenda nyumbani kwa mkwe.

"Mshtakiwa, una uthibitisho kwamba watu wale wangekufa?"

"Hawakufa, Mheshimiwa, kwa sababu nilipiga fulu."

"Hilo ndilo shitaka. Nimekuuliza utetezi."

"Lori lilikuwepo konani, Mheshimiwa."

Inspekta Luhende akainuka tena. "Kitu hicho kiliondolewa alasiri ile ile. Kwa kuwa kilikuwa na bendera, kimehesabiwa kuwa pambo la mapokezi."

Nyange akaomba basi kitaa chenyewe cha bluu kiangaliwe, kitoe ushahidi kwamba hakikuwa kimewaka kwa uchochezi. Aliropoka tu, maskini, mtu akizama hushika hata povu. Lakini mahakama ililichukulia kwa uzito. Wote tukahamia uani kwa polisi, lilikoegeshwa gari la maziwa. Karani akafungua mlango, akainama mbele ya dashibodi, akakisomea kitaa kiapo cha kusema kweli. Hakikuwaka. Betri ya gari ilikuwa imekwenda ndani ya kituo kuwashia televisheni, askari waangalie mpira. Hakimu akangoja kidogo, kwa haki, kisha akaandikisha kwamba shahidi alifika na akakataa kujibu.

Tuliporudi ndani Hakimu alikaa kitini. Akamtazama Kidawa, si mshtakiwa. "Mahakama hii inahitaji mtu mmoja aliyekuwa mbele ya taa zile," alisema. "Mmoja tu. Aseme, niliuona mwanga, tukasimama, na nyuma ya kona kulikuwa na lori. Nitamwachia huyu bwana siku hiyo hiyo. Bila mtu huyo mkono wangu umefungwa."

"Na huyo mtu naye," Kidawa akauliza, "mtamfanya nini?"

Hakimu akavaa miwani. "Hilo ni faili lingine, mama."

*

Watuhumiwa wa Sheria ya Taa hawawekwi na wezi. Wizara iliwajengea chumba chao, kwa sababu iliona si haki mtu aliyekosea kwa mwanga akae gizani. Ukutani, mkabala na kitanda, imefungwa taa ya mbele ya basi, fulu, na haizimwi. Na juu ya mlango, kama sheria inavyodai, kipo kitaa cha bluu, ili aliye ndani ajue kwamba mwanga unaomuumiza ni ule mkubwa. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Tandala alikikagua chumba akiwa amevaa miwani ya jua, akasema kinakidhi viwango.

Kidawa alipoenda kumwona mumewe mara ya kwanza, Nyange alikuwa anafumba na kufumbua macho kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Mara ya pili alimwambia kwamba akifumba bado anaiona, nyekundu. Mara ya tatu alimsalimia akitazama bega lake.

"Niko huku," Kidawa akamwambia.

"Najua. Nakuona." Akasogeza uso kidogo. "Umevaa ile ya maua."

Alikuwa amevaa nyeusi tupu. Hakumsahihisha.

"Kidawa, nikitoka miezi hii, macho yatarudi," Nyange alisema. "Nimeuliza. Kuna mtu alikaa muda mfupi humu, yakarudi, sasa anaendesha trekta. Lakini nikila miaka mitano..." Akacheka bila sauti. "Nitakuja kukushikia sindano."

"Utaitungaje uzi?"

"Ndiyo hapo."

Sasa umejua kinachogombaniwa. Usiseme ni siasa. Ni macho mawili ya dereva wa maziwa.

*

Kidawa alianzia kwa Mzee Saguti. Alimkuta chini ya basi anakaza nati, miguu ndiyo iliyokuwa nje, akaiamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu." Miguu ikatulia. Ilishamtambua kwa sauti.

"Baba, uliiona taa."

"Binti yangu, mimi nimeendesha tangu barabara ni ya vumbi. Taa nimeziona nyingi."

"Hii moja."

Mzee Saguti alijitoa taratibu, uso umejaa grisi, akakaa chini. Hakuthubutu kumtazama. "Mumeo ni mwanamume. Usiku nikilala namwona anapiga, paa, paa, paa. Lakini nikisimama pale kusema niliiona, watauliza ulifanya nini ulipoiona. Niseme nini? Nilishika breki. Huko ni kusikia. Miaka mitatu, umri huu, chumba kile." Akaokota spana, akaitazama. "Mtafute abiria. Abiria hana breki."

Ni hoja nzuri, na Kidawa aliibeba nzima nzima hadi kwenye shukrani.

Kwa sababu mlifanya shukrani. Hapo sasa hata mimi, niliyeona goti la waziri likipimwa, nilishindwa kuamini. Jumapili ile mlikusanyika uani kwa Bi Mkejina, muuza vitenge aliyekuwa kiti cha pili, mkachinja, mkapika pilau ya masufuria makubwa, kumshukuru Mungu kwa kuwavusha salama kona ya Mkumbi. Wewe ulikaa karibu na sufuria. Uliongeza mara ya pili.

Kidawa aliingia wakati kiongozi wa dua anasema, "...ukatuletea ishara, ee Mola, ukatuzuia ukingoni..."

"Ishara ilikuwa na namba za usajili," Kidawa akasema. "Na dereva."

Hakuna aliyetafuna.

Bi Mkejina alinyanyuka, akamshika mkono kwa mapenzi ya kweli kabisa. "Kaa mwanangu. Kaa ule kwanza."

"Sikuja kula, mama. Natafuta mtu mmoja aliyeiona taa."

Bwana mmoja mwenye kofia ya pama akajikohoza. "Shemeji, mie kwa kweli nilikuwa nimetazama korongoni."

"Na huyu?"

"Huyu pia korongoni."

"Basi zima mlikuwa mnatazama korongo?"

"Ni zuri, shemeji," akasema mwingine, na mtu mmoja akacheka halafu akajuta.

"Kama hakuna aliyeona kitu," Kidawa akauliza, "mnashukuru nini?"

Hapo kiongozi wa dua aliangalia viatu. Mtoto akaomba soda. Bi Mkejina aliingia ndani, akarudi na hotipoti mpya, akaijaza pilau, akachagua nyama za mfupa wenye mafuta, akafunika, akaifunga kwa kitenge kipya kutoka dukani kwake.

"Mpelekee mumeo," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami naamini yalikuwa machozi halali. "Mwambie tunamwombea. Sote. Kila siku tunamtaja."

"Mnamtaja kwa jina?"

"Kimoyomoyo."

Kidawa akaibeba ile hotipoti. Angefanya nini? Mtu ana njaa kule ndani. Aliipeleka, akaipitisha chini ya wavu, na Nyange akaitafuta kwa kupapasa, akagonga kifuniko mara mbili kabla ya kukipata.

"Nani kapika hivi?" akauliza.

"Watu wa basi."

Akala tonge moja, polepole. "Wazima wote?"

"Wote."

"Hata yule mwenye mtoto kiti cha nyuma? Niliona kama kuna mtoto."

"Hata yeye. Alikuwa anaomba soda."

Nyange akaendelea kula, amegeukia upande ambao Kidawa hakuwepo, na mwanga ule ukimpiga usoni, na juu ya mlango kile cha bluu kikiwaka kama sheria inavyotaka.

*

Mimi nimekwenda kila mahali. Nimekwenda wizarani, nikaambiwa malalamiko kuhusu mwanga hupokelewa kwa maandishi yasiyozidi mstari mmoja. Nimekwenda kwa mbunge aliyelia; amesema alilia kwa sababu ya moshi. Nimemwomba Hakimu Lwambano aniapishe mimi. Akaniuliza, "Ulikuwemo?" Nikasema sikuwemo. Akasema, "Basi wewe ni mtu mwenye maoni," na kwa hilo nchi hiyo ina chumba kingine.

Nguvu zangu zimekwisha. Nina kumbukumbu tu, na kumbukumbu hailali kitandani kwa niaba ya mtu.

Kwa hiyo sikiliza. Hukumu ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, mahakama ya Mkumbi, ile ya bati la kijani nyuma ya soko la mitumba. Najua unachoogopa. Miaka mitatu kwa kusikia, na chumba chenye taa. Nimekichungulia chumba hicho. Kina vitanda vinne, na kimoja amelala Nyange. Akija mtu mmoja, watamfungia. Wakija wawili, watawafungia. Mkija basi zima, mkasimama mlangoni mkasema kila mtu kwa mdomo wake kwamba mliiona fulu na mkasimama, hawana pa kuwaweka, na hawana jeki ya kuupandisha uongo mkubwa kiasi hicho.

Aliyekaa pembeni yako unamjua. Mligawana karanga tangu stendi. Bi Mkejina anaishi wapi unajua, umekula kwake. Mzee Saguti yuko gereji. Acha kusoma. Vaa viatu, mgongee wa kwanza, mwende wawili mkamgongee wa tatu, na Alhamisi asubuhi mwingie mle ndani mseme: tulipigiwa taa, tuko hai, mwachieni.

Nenda sasa, angali anaona hata bega.